Mwanakondoo Aliyegoma Kucheua

Alikuwepo mkunga mmoja mstaafu, mumewe seremala, na nyuma ya nyumba yao kulikuwa na zizi dogo. Kondoo walikuwa wa Seremala. Miaka yote ile Mkunga hakuwahi kuwatupia hata jani, maana yeye alikuwa na watoto wa watu, anatoka asubuhi anarudi jioni, na mikono yake ilijulikana mji mzima.

Halafu mikono ikaanza kutetemeka. Si sana. Kidogo tu, kama ya mtu aliyetua ndoo nzito sasa hivi. Pale zahanati wakamwambia, mama, kazi umeifanya, kapumzike. Wakampa zawadi ya shuka, wakapiga naye picha. Akarudi nyumbani, akakaa, akaitazama ile mikono mapajani mwake. Haikuwa na pa kwenda.

Basi kondoo mmoja akazaa pacha, dume na jike. Akawanyonyesha siku ile ya kwanza, yale maziwa mazito ya njano, na kesho yake akakutwa amelala hainuki, amekwisha. Watoto wake wakabaki wanazunguka zizi wakilia, wakinyonya hata kamba iliyoning'inia.

"Jike ni wangu," Mkunga akasema.

Seremala akachomoa penseli sikioni, ndivyo alivyofanya kila akishtuka. "Wako? Tangu lini?"

"Tangu sasa. Nimepokea watu ambao leo wana vitambi na mvi, nishindwe na hiki kidude chenye kwato?"

"Haya mama. Mkunga ni wewe."

Jike akaitwa Pamba. Dume Seremala akamwita Msumari, kwa sababu kila kilichokuwa chake lazima kinuke karakana.

Sasa tazama walivyolea. Maziwa yalikuwa ya sufuria moja, ya ng'ombe, yamepashwa mpaka vuguvugu, na Mkunga mwenyewe akiyapima kwa kujidondoshea kwenye kifundo cha mkono. Chupa za soda, zote sawa. Chuchu za duka la dawa, zote sawa. Ila Mkunga alikaa kwenye kigoda, akatandika taulo mapajani, akampakata Pamba chali, kichwa kwenye kiwiko, miguu yote minne juu kama meza iliyopinduliwa. Akamnyonyesha huku anamwimbia. Akimaliza anamtupia begani, anampigapiga mgongo ili acheue, maana mtoto asipocheua halali, hilo nani asiyelijua.

Na Seremala? Alitoboa ubao, akachomeka chupa kwenye tundu, akaupigilia ule ubao kwenye nguzo ya zizi, akaenda zake kupiga randa. Msumari akasimama pale peke yake, akavuta.

"Huna hata haya," Mkunga akamwambia. "Mtoto ananyonyeshwa na ubao!"

"Ananyonya, hanyonyi?"

"Ananyonya, lakini..."

"Basi. Ubao ni mama mzuri sana, haugombi."

Mkunga akamgeuzia mgongo, akamfunika Pamba vizuri na taulo.

Haikupita muda, Pamba akavimba. Ubavu wa kushoto ulikaza kama ngoma, ukiugonga kwa kidole unaitika. Mwenyewe amesimama kichwa chini, anasaga meno. Na choo chake kilikuwa cheupe, chembamba, kinanuka kama maziwa yaliyosahauliwa juani. Mkunga hakubabaika. Akazuia maziwa, akampa maji ya uvuguvugu yenye chumvi na sukari kidogo, akamdondoshea mafuta ya kupikia mdomoni, akamsimamisha na kumsugua ubavu mpaka upepo ukatoka wenyewe. Pamba akachangamka. Akapakatwa tena, akapewa maziwa, akavimba tena.

Na huyo Msumari wa ubao alikuwa anarukaruka uani na ameangusha beseni la nguo.

Hapo ndipo Mkunga alipoanza kuwashwa na swali. Alibadilisha chupa, hii iende kwa yule, ile ije kwa huyu. Akavimba Pamba. Akachemsha chuchu zote. Akavimba Pamba. Akachungulia ndani ya sufuria, akanusa, akaonja: maziwa mazima.

"Nipe Msumari nimnyonyeshe mimi mara moja, nione," akamwomba mumewe.

"Nani, Msumari? Thubutu! Wangu mzima, kwa nini nimtie majaribuni?"

"Mchoyo wewe."

Siku moja asubuhi Pamba akakataa hata kusimama. Seremala akachuchumaa, akaugonga ule ubavu. Kisha akasema taratibu, bila utani: "Mke wangu. Jioni ya leo akivimba tena, namchinja. Mnyama anateseka."

"Hutamgusa."

"Basi mcheulishe."

"Hacheui! Unadhani sijampiga mgongo? Hacheui!" Na sauti ikamkatika, maana kilichokuwa kinamuuma hakikuwa kondoo peke yake. Alikuwa anajiuliza kama mikono yake imekwisha kweli, kama kule zahanati walikuwa wameona sawasawa.

Akampa Pamba yale maji yake, akajifunga nguo, akaenda bucha.

Mwenye bucha alikuwa mmoja wa wale aliowapokea yeye mwenyewe, sasa baba mzima wa kuchukua nafasi ya watu wawili nyuma ya meza.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba mwanangu. Nataka tumbo la kondoo mchanga, anayenyonya bado."

"Lipo la asubuhi hii. Nikukatie?"

"Usikate. Nataka kulitazama."

Mwenye bucha akacheka. "Mama, matumbo yanaliwa, hayatazamwi."

"Lako nililitazama kabla mama yako hajakuona sura. Leta."

Wateja wakaangua kicheko, jamaa akaleta. Akalitandaza juu ya meza, na Mkunga akashangaa kama mtu aliyeingizwa kwenye nyumba ya vyumba vingi. Mifuko minne! Mlangoni kabisa mkubwa, mlegevu, mtupu. Na mwishoni kabisa ule wa nne, umejaa maziwa yaliyoganda.

"Hawa wanaonyonya wote wako hivi?"

"Wote. Maziwa utayakuta huku mwisho. Huu mkubwa ni wa majani, kazi yake bado."

"Sasa maziwa yanaurukaje, na mkubwa ndio uko mlangoni?"

"Hilo sijui, mama. Mimi naosha, nauza."

Mkunga akaomba lichanwe hapo mlangoni, akaingiza kidole kooni, akafuata njia. Kulikuwa na mfereji, na kando ya mfereji midomo miwili laini. Akaifumba kwa vidole: ikawa bomba, linakwenda moja kwa moja kule ndani. Akaiachia: bomba likafunguka, kidole kikatumbukia kwenye mfuko mkubwa.

"Ina midomo," akasema polepole.

"Eti nini?" Mwenye bucha akainama naye. "Lo! Na mimi nachinja kila siku."

Njia nzima ya kurudi Mkunga aliongea peke yake. Midomo inafumbwa na nani? Maziwa ya Pamba yanatumbukia kwenye mfuko wa majani, yanachachia humo, sawa. Lakini mbona ya Msumari hayatumbukii?

Hakuingia ndani. Alikwenda kusimama zizini, mbele ya ule ubao alioutukana. Msumari alikuwa kazini. Miguu ameikita chini, shingo ameinyoosha mbele na juu kidogo, koo limenyooka kama mfereji wa bati, mkia unapigapiga. Hivyo hivyo angesimama chini ya mama yake. Mkunga akakumbuka shingo ya Pamba, ilivyojikunja kwenye kiwiko chake; midomo ile ingefumbika vipi?

Akaokota chupa iliyobaki maziwa nusu. Akaisimamisha, kana kwamba ndiyo tumbo la Pamba: hewa ikakaa juu, mdomoni. Akaipindua chali, kama anavyompakata Pamba: hewa ikakimbilia kitako, maziwa yakaziba mdomo.

"Atacheulia wapi, masikini," akasema.

Jioni Seremala alikaa na jiwe la kunolea, kisu mkononi, anakitazama kisu tu. Mkunga akaja na Pamba, akamweka chini kwa miguu yake minne, akamshikia chupa usawa wa ubao.

"Leo humpakati?"

"Nyamaza wewe."

Pamba hakutaka. Alitaka mapaja. Akalia, akapanda juu ya viatu vya Mkunga, akaisukuma chuchu kwa pua na kugeuka. Seremala akainua macho kutoka kwenye kisu. Mkono mmoja wa Mkunga ulikuwa na chupa, wa pili haukuwa na kazi, ukatetemeka wenyewe, ukashuka mgongoni kwa Pamba mpaka kwenye shina la mkia, pale mama kondoo huweka pua yake mwanawe akinyonya. Pamba akashtuka. Akakita miguu, akanyoosha shingo, akaidaka chuchu. Mkia ukaanza kucheza.

Akanywa mpaka mwisho. Wakangoja. Seremala akaja kuugonga ubavu, akaugonga tena. Laini. Halafu Pamba akaachama, na ikatoka sauti ya mlevi aliyeshiba.

"Amecheua!" Seremala akapiga kelele kama ameshinda yeye.

"Nimesikia, mimi si kiziwi."

Seremala akakichomeka kisu kwenye nguzo, akachomoa penseli, akaweka alama ya tundu la pili kwenye ubao. "Nitoboe hapa?"

"Toboa. Lakini huo ubao wako una mkono wa mkiani?"

Seremala akafikiri. "Hauna."

"Ndiyo maana nipo."

Na tangu hapo, saa za maziwa, Mkunga alikaa kwenye kigoda nyuma ya watoto wawili wanaovuta ubaoni, mkono mmoja kwa Pamba, mmoja kwa Msumari. Hakuwa na haja ya kuwakuna. Aliiacha mikono itetemeke yenyewe, na mikia ikaenda kwa kasi ile ile.