Sola ya Mwenye Nyumba

Mwenye nyumba wetu tulimbandika jina la Ndiyo, maana hajawahi kumkatalia mtu kitu usoni. Ukimwambia paa linavuja, ndiyo. Halafu unakwenda kununua ndoo.

Mimi kazi yangu ni kutotolesha vifaranga. Mashine ilikaa chumba cha nyuma, na umeme ukikatika muda mrefu, mayai yote yanaharibika. Niliposikia manispaa inawafungia watu sola, mwenye jengo akailipia kidogo kidogo kupitia kodi ya jengo, nikalivalia njuga. Mpangaji haruhusiwi kuomba. Nikambembeleza Ndiyo msimu mzima wa mvua, nikamwahidi hiyo nyongeza ya kodi nitaibeba mimi, mpaka akatia sahihi.

Mafundi wakafunga paneli juu ya bati, betri ukutani, na dari jipya la kuzuia joto. Mtaa ukiwa gizani, mashine yangu inanguruma tu. Mume wangu akawa ananitania kwamba nimeolewa upya na manispaa. Nilifurahi mpaka nikawa naimba chooni.

Kisha Ndiyo akaja na mkwewe. Mkwe hakunisalimia, macho yote yalikuwa kwenye paa.

"Mama Vifaranga," Ndiyo akasema, "binti yangu na mumewe watahamia hapa. Si unaona, nyumba sasa ina umeme wake."

"Basi nisubirie mayai yaanguliwe, baba."

"Ndiyo."

Kesho yake mkwe akaleta kitanda na friji.

Nikakimbilia manispaa. Dada wa dirisha la nishati alinisikiliza vizuri, hata kiti alinipa.

"Sola ni ya jengo, mama. Ukihama, inabaki na jengo."

"Lakini bila mimi isingefungwa."

"Naelewa," akasema. Alielewa kweli, na hilo ndilo lililonikata maini. Hakuwa na la kunifanyia.

Tukapata chumba ng'ambo ya barabara. Mashine tuliipakia kwenye mkokoteni, mayai tukayabeba mikononi, tumeyafunga kwa mablanketi. Vifaranga walishaanza kudonoa maganda kwa ndani. Jioni ileile umeme ukakatika.

Tukayazungushia chupa za maji ya moto. Ng'ambo, kwa Ndiyo, taa zilikuwa zinawaka vyumba vyote. Nikamtuma mume wangu akawaombe tuchomeke mashine kule mpaka umeme urudi. Alirudi mikono mitupu.

"Ndiyo alikuwepo?"

"Alikuwepo. Amesema ndiyo. Mkwe akasema betri haiwezi kubeba mashine na friji."

Maji kwenye chupa yakapoa, na mkaa ulikuwa umekwisha. Nikachukua yai moja nikaliweka sikioni. Mle ndani kifaranga alikuwa anadonoa, anapumzika, anadonoa tena.

"Bado yupo?" mume wangu akauliza.

"Bado."

Baadaye akauliza tena. Nikaliweka lile yai pembeni, nikachukua jingine nikaliweka sikioni.