Nyumba ya Chokaa

Dereva hakuwa na gari. Alikuwa ameendesha treni tangu ujana, na hata baada ya kustaafu watu walimwita jina hilo hilo, naye aliitika kwa raha zake. Kazi aliiacha, lakini haraka ya kazi hakuiacha. Ukimwambia saa nne, saa tatu yuko pale, viatu vinang'aa, macho kayatoa barabarani.

Jumamosi hiyo alikuwa na miadi na mkandarasi. Walikuwa watie saini mkataba wa kujengewa nyumba, yeye na mkewe. Hawa wawili walioana ukubwani, kila mmoja ameshamzika mwenzake wa kwanza, watoto wa huku na huku wana familia zao. Walikuwa wamepanga vyumba viwili nyuma ya duka la mbao, ambako msumeno ulianza kulia kabla ya jogoo. Kiwanja walikinunua kwa kuchangiana. Kilichobaki, kwa hesabu ya Dereva, ilikuwa kalamu tu.

"Mkataba umeusoma, Bibie?" alimuuliza mkewe huku akifunga kamba za viatu.

"Nimeusoma. Nyumba ndiyo sijaiona."

"Utaionaje nayo haijajengwa?"

Mkewe alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni, mwanamke wa sauti iliyozoea kufika meza ya mwisho bila kipaza sauti. Alivaa miwani, akasoma: "'Nyumba ya kisasa yenye vyumba vitatu, sebule, na vinginevyo.' Mimi, mume wangu, vinginevyo sijawahi kulala ndani yake. Choo kimo kwenye vinginevyo? Dari? Milango ya mbao au ya bati? Tena angalia hapa: 'itakamilika kwa wakati muafaka.' Muafaka wa nani?"

"Basi tutamuuliza huko huko ofisini kwake."

"Ofisini atatukalisha kwenye viti vizuri, atatupa soda, tutaona haya. Mpigie, mwambie aje kiwanjani."

Dereva alipiga simu shingo upande. Alipogeuka, mkewe alikuwa ameshajifunga kitambaa kichwani, mkononi ana mfuko wa chokaa.

Walifika kiwanjani jua likiwa bado pole. Bibie alikunjua ramani iliyokuja na mkataba, akampa Dereva ncha ya kamba, wakaanza kupima chumba kimoja kimoja kwa ukubwa wake halisi na kumwaga chokaa palipotakiwa kuwa na ukuta. Penye mlango waliacha wazi. Jirani alichungulia juu ya ua wake, akauliza kwa huruma kama kuna msiba.

"Tunahamia!" Bibie akamjibu.

Dereva alitamani ardhi immeze. Mtu mzima aliyebeba abiria mamia kwa mamia, leo anacheza nyumba-nyumba mbele ya jirani mpya! Lakini mkewe alikuwa ameshaingia jikoni anakoroga sufuria isiyokuwepo.

"Nenda kalale," alimwambia.

"Nilale chini?"

"Simama tu chumbani, jifanye ndiyo unaamka. Umebanwa na haja ndogo. Haya, nenda chooni."

Dereva alitoka chumbani kwa kufuata uwazi wa mlango. Akajikuta sebuleni. Akakatiza sebule yote, akapita jikoni karibu amkanyage mkewe, ndipo akafika chooni.

"Sasa nina wageni sebuleni," Bibie akasema, "na wewe umevaa taulo."

Dereva alicheka, kisha akasita, kwa sababu aliwaona kabisa wale wageni: shemeji zake wote, wamekaa mstari mmoja. "Hapana," akasema. "Hii haiwezekani." Kuanzia hapo aibu ilimtoka. Alikwenda mwenyewe kujaribu mlango wa chumba cha pili, akafungua hewa, akarudi nyuma na kulalamika kwamba ukifunguka unagonga kitanda.

Mkandarasi alifika akiwa amevaa shati jeupe la kutilia saini. Alikuwa kijana mnene, mcheshi, fundi mzuri kwa sifa alizokuwa nazo, ila kila ukimuuliza jambo alijibu hamna shida, mpaka watu wakamwita Hamna Shida na yeye akaona sawa. Alipowaona aliwanyooshea mkono huku akija moja kwa moja.

"Weee!" Bibie alimkemea. "Umepita ukutani!"

Hamna Shida aliganda, mguu mmoja juu. Alitazama chini, akaona mstari wa chokaa, akatazama wazee wale wawili waliojaa chokaa mpaka kwenye nyusi. Kisha akazunguka taratibu mpaka penye mlango.

"Hodi, mama."

"Karibu, mwanangu. Kaa sebuleni."

Alikalishwa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Dereva akaamka, akabanwa, akapita mbele yake ameshikilia taulo la kufikirika. Mkandarasi alicheka mpaka ndoo ikapiga kelele. Aliitazama ramani tena, akajikuna shingo.

"Hii niliitoa kwa mteja mwingine," alikiri. "Yeye alikuwa anaishi peke yake. Lakini hamna shida, choo tutakisogeza, na korido tutaiongeza."

"Kama hamna shida, andika," Bibie akasema.

Akaandika pembeni ya mkataba, paja ndiyo meza.

"Sasa mvua inanyesha," Bibie aliendelea, akijikinga kichwa kwa mikono chini ya jua kali. "Kuta zimefika kiunoni, mafundi wamekimbia. Tunangoja mpaka lini?"

"Mvua ni ya Mungu, mama."

"Na mkataba ni wa kwako. Weka tarehe ya kumaliza, na useme mvua ikizidi unaongeza muda gani. Haya, mvua imekatika. Tumeshahamia, na huu ukuta umepasuka. Niite nani?"

"Unaniita mimi, nakuja siku hiyo hiyo."

"Andika."

Waliendelea hivyo nyumba nzima. Kwenye mlango wa mbele waliandika aina ya mbao na kitasa, na kwa paa waliandika unene wa mabati. Hela nazo, ambazo mkataba ulitaka nusu yake itolewe kabla ya jembe la kwanza, wakakubaliana zilipwe kidogo kidogo: msingi ukikamilika na kukaguliwa, kisha kuta, kisha paa. Hamna Shida hakukasirika. Mchezo ulikuwa umemkolea, na kwenye chumba cha pili yeye ndiye aliyesimama na kuinua kidole.

"Zamu yangu. Ukuta umefika juu. Mama umeamka asubuhi unataka dirisha hapa, baba analitaka pale. Nani ananilipa kuvunja?"

Dereva na mkewe walitazamana. Walikuwa wameshabishana kuhusu dirisha hilo hilo kabla yeye hajafika.

"Hata hilo liandike," Dereva akasema. "Mabadiliko yoyote mpaka tukubaliane kwa maandishi. Na gharama juu yetu."

Makaratasi yalipojaa maandishi ya pembeni, mkandarasi alimpa Dereva ayapitie. Dereva aliyasoma polepole, jambo ambalo si kawaida yake, mpaka ukurasa wa mwisho. Pale palikuwa na mstari mmoja wa saini ya mwenye nyumba, na jina lililopigwa chapa juu yake lilikuwa lake peke yake. Ni yeye aliyetoa jina siku ya kwanza, kwa haraka, amesimama mlangoni.

Alimtazama mkewe. Yule mwanamke aliyeuliza habari za vitasa na za nyufa alikuwa amempa mgongo, anakung'uta chokaa kwenye gauni kwa bidii iliyopita kiasi.

"Bibie, hapa jina lako halipo."

"Nimeona."

"Tangu lini?"

"Tangu niliposoma mara ya kwanza."

"Mbona hukusema? Umeulizia mpaka bawaba!"

"Bawaba naweza kuidai," akasema, na sauti ile ya kufika meza ya mwisho ilikuwa imepungua mno. "Hilo sikutaka kulidai."

Dereva alimrudishia mkandarasi makaratasi yote na kalamu.

"Kijana, nenda kapige chapa upya. Majina mawili, saini mbili. Lake litangulie."

"Kesho, baba?"

"Ukimaliza. Sina haraka."

Mkewe aligeuka kumtazama, kwa sababu maneno hayo hakuwahi kuyasikia kwake.

Walitia saini wiki iliyofuata, na nyumba ikajengwa. Mvua ilikuja kweli, kazi ikachelewa kwa kadiri waliyokubaliana. Ufa ulitokea chumba cha wageni, Hamna Shida akaja kuuziba bila kuvutana. Chooni sasa unakwenda kwa korido, hakuna shemeji anayekuona.

Kitu kimoja tu hakuna aliyekifikiria siku ile, si mke, si mume, si mkandarasi: pa kuanikia nguo. Kamba ilibidi ifungwe mbele, kutoka nguzo ya baraza mpaka getini, na mpaka leo mgeni akija hulakiwa kwanza na suruali za ndani za Dereva, zimejaa upepo. Kila mmoja anasema ni kosa la mwenzake. Mkataba hausemi.