Kisanduku cha Kumi na Nne

Kazini walimwita Mtakatifu. Jina hilo alibandikwa na mafundi wenzake mwaka wake wa kwanza katika kampuni ya lifti, kwa sababu hakunywa, hakutukana hata nyundo ilipomwangukia kidoleni, na kabla ya kupanda juu ya lifti yoyote alivua kofia akasali kimoyomoyo huku wenzake wakikonyezana. Walimpa kwa dhihaka. Yeye alilipokea kwa kicheko, lakini ukweli ni kwamba lilimwingia. Kwa miaka kumi na mmoja alilivaa kama mtu avaavyo koti lililomkaa vizuri, na kuna siku, akipita mbele ya kioo cha lifti aliyokwisha kuikagua, alijitazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

Alhamisi ile alibakiza jengo moja, la ghorofa tisa, lenye familia kama arobaini na lifti moja tu ya zamani. Fomu ya ukaguzi ina visanduku kumi na vinne, na fundi hutia alama ya vema kwa kila kitu alichokipima: kamba za chuma, milango, taa, kengele ya hatari, na vinginevyo. Saa kumi kasorobo alikuwa amemaliza kisanduku cha kumi na tatu. Cha kumi na nne ni breki ya dharura, yale meno ya chuma yaliyo chini ya chumba cha lifti. Kamba zikikatika, meno hayo huuma reli za pembeni na kukizuia chumba kisiporomoke. Kuyapima si kazi ya dakika tano. Unaifunga lifti, unapanda hadi chumba cha mashine, unashuka shimoni, unapanda tena. Saa nzima imekwenda.

Na saa kumi na nusu alitakiwa kanisani. Lilikuwa somo la mwisho la wazee wa kanisa wapya, yeye na wenzake watatu, ambao wangesimikwa Jumapili. Mchungaji alishawaonya: "Atakayechelewa atasubiri mwaka ujao."

Alisimama mbele ya lifti na fomu mkononi. Miezi sita iliyopita breki ilikuwa nzima. Aliipima yeye mwenyewe. Chuma hakiugui mafua. Akatia alama, akasaini, akamkabidhi nakala msimamizi wa jengo, mama mmoja mcheshi ambaye wapangaji walimwita Bi Funguo kwa jinsi kiuno chake kilivyolia funguo akitembea. Kisha akaondoka mbio.

Darasani Mchungaji aliuliza maana ya kuishi kwa kumcha Mungu. Wenzake walitazamana. Mtakatifu akanyoosha mkono akajibu vizuri sana, kwamba ni kujua Mungu anakuona hata pale ambapo hakuna mtu mwingine anayekuona. Mchungaji akamsifu mbele ya wote. Sifa zile hazijaisha, yeye akaikumbuka fomu aliyoisaini.

Ijumaa alipangiwa kazi upande wa pili wa mji. Alijiambia akimaliza mapema atapitia kule kwenye jengo. Hakumaliza mapema.

Jumamosi mama mkwe wake akawasili. Alikuwa amesafiri siku mbili kuja kumwona mkwe akiwekewa mikono, na alikuja na gauni alilolishonesha kwa ajili ya siku hiyo tu. Walikuwa mezani, mama mkwe akisimulia jinsi alivyowatambia majirani, simu ilipolia. Alikuwa Bi Funguo.

"Fundi, samahani kukusumbua siku ya mapumziko. Hii lifti inatoa mlio, kama panya aliyebanwa na mlango."

"Tangu lini?"

"Tangu jana. Wapangaji wananisumbua. Nimewaambia tulieni, lifti imepitishwa na Mtakatifu mwenyewe juzi tu. Au nimekosea?"

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Mama mkwe alikuwa akimtazama kwa tabasamu, akisubiri kumalizia hadithi yake.

"Ni mlio wa kawaida," alisema. "Jumatatu nitapita."

"Haya, moyo umetulia. Mungu akubariki."

Alipoiweka simu mezani, iliacha alama ya jasho.

"Nani huyo?" aliuliza mkewe, Mama Pacha.

"Wa kazini."

"Mbona umesawijika hivyo?"

"Njaa."

"Baba Pacha, si ndiyo kwanza unamaliza kula?"

Mama mkwe akacheka, akasema ni woga wa siku kubwa. Yeye akacheka nao. Ulikuwa uongo wa tatu ndani ya siku tatu, na huu wa mwisho ulitoka wenyewe, bila hata kuitwa.

Jumapili asubuhi alijikata mara mbili akinyoa ndevu. Kanisani walimkalisha benchi la mbele, kati ya mshona viatu na muuguzi mstaafu. Mchungaji alihubiri juu ya utakatifu, kwamba si vazi la Jumapili, na watu wakaitikia. Mtakatifu alisikia nusu tu. Akili yake ilikuwa imesimama mbele ya mlango wa lifti, inawahesabu wanaoingia. Saa hizi familia zinashuka kwenda ibadani. Saa hizi wengine wanarudi na mizigo. Lifti ile hubeba watu wanane, lakini Jumapili hujazana hata kumi, na watoto hawahesabiwi. Ngoma ya kwaya ilipopigwa alishtuka hadi muuguzi akamgusa mkono na kumnong'oneza, "Tulia, kaka. Hata mimi tumbo joto."

Waliitwa mbele. Swali lilikuwa moja kwa kila mtu: uko tayari kuishi maisha safi mbele za Mungu na mbele ya watu, nyumbani na kazini? Mshona viatu akajibu kwa sauti nzito, "Niko tayari, Mungu anisaidie." Muuguzi akajibu vilevile huku machozi yakimlengalenga. Mchungaji akasogea mbele ya Mtakatifu. Aliuliza, na alipofika kwenye neno "kazini" Mtakatifu aliinamisha kichwa.

Kanisa likasubiri. Mtu akakohoa.

"Mchungaji," alisema hatimaye, "naomba ruhusa."

"Ruhusa ya nini?"

"Kuna lifti."

Vicheko vya chini kwa chini vilipita kwenye mabenchi. Mchungaji akainama karibu na sikio lake. "Ndugu yangu, lifti gani tena?"

"Niliandika nimeikagua yote. Sikuikagua yote. Na inatoa mlio. Watu wanaipanda sasa hivi."

Mchungaji hakuwa mtu mbaya. Alilitazama kanisa lililojaa, akamtazama na huyu aliyelowa jasho mbele yake, akanong'ona, "Dakika tano tu. Jibu swali, nikuwekee mikono, halafu uende."

Dakika tano. Zilikuwa na utamu uleule wa saa moja ya Alhamisi. Angekula kiapo, kisha aende akatimize kiapo. Nani angejua? Alitamani sana, na ni kule kutamani kulikomtia hofu kuliko mlio wowote.

"Siwezi kujibu swali hilo leo," alisema, safari hii kwa sauti iliyofika nyuma. Akageuka, akapita katikati ya kanisa. Hakumtazama mkewe. Mama mkwe alimwona bila kutaka, amekaa wima ndani ya gauni jipya, mkono mdomoni.

Nje alipanda pikipiki ya kukodi. Njia nzima alimpigia Bi Funguo, na simu ikaita hadi ikachoka. "Kaka, kuna mgonjwa?" aliuliza dereva. "Bado," alijibu, na dereva akaongeza mwendo bila kuuliza tena.

Alipoingia jengoni, lifti ilikuwa juu. Taa ndogo juu ya mlango ilionyesha namba tisa. Kisha nane. Alitafuta kitufe cha kusimamisha, akakumbuka kwamba nje hakuna kitufe cha namna hiyo, na kuikatia umeme sasa ni kuwanasa walio ndani wakining'inia. Hakukuwa na la kufanya ila kungoja. Saba. Sita. Ule mlio ukaanza kusikika, mwembamba, kama Bi Funguo alivyosema. Tano. Nne. Ikasimama kwenye nne, ikakaa. Ikakaa mno. Alijikuta ameweka viganja vyote viwili kwenye mlango wa chuma kama mtu anayeuzuia usianguke, na sala aliyoizoea ya kuvulia kofia haikuja. Lililokuja ni neno moja tu, tafadhali, tafadhali. Tatu. Mbili. Moja.

Mlango ukafunguka. Akatoka mama na kigari cha mtoto, wasichana wawili waliovaa soksi nyeupe, na baba yao akiwakemea kwa kuchelewa. "Umepotea ghorofa, mzee?" yule baba alimuuliza, alipomwona amejibana mlangoni na suti yake. Aliwapisha, akaingia, akaizima lifti kwa ufunguo wake, kisha akamwita Bi Funguo kwa sauti kubwa.

Bi Funguo alikuja mbio, mikono ina povu, alikuwa akifua. Alimtolea ngazi, tochi na ovaroli kuukuu ya mlinzi. Mtakatifu akaipima breki kama ilivyoandikwa, hatua kwa hatua, kwanza chumba kikiwa tupu na kikishuka polepole. Meno ya upande wa kulia yaliuma reli papo hapo. Ya kushoto hayakuigusa. Chumba kizima kikainama upande mmoja, kikateleza kiasi cha mkono mzima, ndipo kikasimama. Alishuka shimoni na tochi. Ghorofa ya tatu walikuwa wametengeneza bafu mwezi uliopita, na vumbi lao la saruji lilidondokea kwenye grisi, likakauka, likayagandisha meno yale kama yamejengewa.

"Umeuona huo mlio?" Bi Funguo aliita kutoka juu.

"Mlio si kitu. Ni kigurudumu cha mlango, kimekauka mafuta."

"Sasa mbona umekaa huko chini kama umefiwa?"

Akamweleza. Hakuacha kitu, hata ile saa ya darasani, hata simu ya jana.

"Mjukuu wangu hupanda na kushuka humu kwa mchezo," alisema yule mama. "Kutwa nzima. Mimi ndiye ninayemwambia ni salama." Kisha akaondoka, akamwachia ngazi.

Nyumbani walimkuta anaosha saruji mikononi. Mkewe alipita moja kwa moja jikoni. Mama mkwe alibaki naye.

"Siku mbili barabarani, mkwe, nije kukuona ukikimbia kanisa kama mwizi wa sadaka."

"Nisamehe, mama."

"Nitawaambia nini kule?"

"Waambie nilidanganya kazini. Waambie hivyohivyo."

Bibi yule alimkazia macho. Halafu akavuta kiti, akaanza kufungua vifungo vya gauni shingoni, kwa uchovu. "Hilo sitawaambia," alisema. "Lakini ungenidanganya na mimi sasa hivi, ningeondoka leo." Akaomba maji ya kunywa.

Jumatatu alikwenda kwa bosi kabla ya wenzake kufika. Bosi alisoma maelezo yake mara mbili, akayasukuma pembeni. "Andika hivi: nilifanya ukaguzi wa ziada Jumapili, nikagundua hitilafu. Utakuwa shujaa, na kampuni itakuwa salama."

"Ni kweli nusu, bosi."

"Nusu inatosha."

"Alhamisi nilisema hivyohivyo."

Bosi alipandwa na hasira, na alikuwa na haki. Alimwondolea ruhusa ya kusaini kwa miezi mitatu, na lifti zote alizozipitisha mwaka ule zikaamriwa kupimwa upya. Zilikuwa ishirini na sita. Mafundi wenzake ndio waliopanda na kushuka, na siku za mapumziko yao zikaishia humo. Nyingine zote zilikutwa nzima, lakini hilo halikuwatuliza. Hakuna aliyemwita Mtakatifu tena, walimwita "wewe". Mchungaji alimtembelea nyumbani, akaungama na yeye kosa lake mwenyewe, kwamba dakika tano zile zilimsumbua usingizi. Alisema nafasi ya mzee wa kanisa itamngojea. Fundi akajibu wampe mtu mwingine kwanza.

Vipuri vya breki vilichukua siku kumi na mbili kufika. Siku zote hizo lifti ilisimama, na kila asubuhi, kabla ya kwenda kuwashikia wenzake tochi kazini, fundi alipita pale akawabebea watu mizigo. Bi Funguo alimwonyesha kwa kidole nani anahitaji msaada, bila kumsemesha. Ghorofa ya saba aliishi mwalimu mstaafu aliyepooza miguu, aliyepaswa kushuka kwa mazoezi ya viungo. Fundi alimbeba mgongoni. Alimwogopa kuliko bosi. Kila kidato alikijaribu kwa ncha ya kiatu kabla ya kukikanyaga, na mikono ya mzee ilimkaba shingo.

"Wewe ndiwe uliyezima lifti?" mzee aliuliza siku ya kwanza, walipofika ghorofa ya tano.

"Ndiye mimi, mwalimu."

"Nasikia umeokoa watu."

Ingekuwa rahisi kunyamaza, alikuwa anatweta. "Hapana. Nilisaini kwamba ni nzima bila kuipima. Umeipanda siku tatu hivyo."

Mikono ya shingoni ikalegea, kisha ikakaza zaidi. Walishuka ghorofa nzima, moyo wa mmoja ukimgonga mwenzake mgongoni.

"Shika ukuta," mzee alisema mwishowe. "Na usikimbie. Mimi sina haraka."

Fundi akashika ukuta, akatafuta kidato kilichofuata kwa ncha ya kiatu.