Nimeligusa

Nahodha wetu Ardith Lozinski alikuwa na medali nne za fedha za taifa, na hakuna aliyethubutu kuzitaja mbele yake. Miaka thelathini alikuwa anasukuma mawe kwenye barafu katika mchezo wa curling, jimbo zima la Saskatchewan huku Kanada linamjua, lakini dhahabu ilimpiga chenga kila mara. Sasa magoti yamekwisha. Daktari alimpa msimu mmoja tu wa kucheza.

Fainali na timu ya jimbo la Manitoba ikafika raundi ya mwisho tukiwa sare, mawe yetu yamebaki mawili. Ardith akaliachia la kwanza. Mimi na mwenzangu Noreen tukaenda nalo, tukisugua barafu mbele yake kwa fagio ili liteleze mbali zaidi. Likatua katikati ya duara, penye pointi, ukumbi ukalipuka kwa shangwe.

Ila ufagio wangu ulikuwa umeligusa. Kidogo tu. Hakuna aliyeona, na katika mchezo wetu hatungoji refa. Mwenye kosa hujitaja mwenyewe. Niliichukia mikono yangu, nikamchukia hata aliyebuni fagio.

"Nimeligusa," nikasema.

Jiwe likaondolewa. Nahodha wa Manitoba, Jocelyn Thiessen, akaweka lake pale pale, limejificha nyuma ya jiwe jingine. Nikamfuata Ardith.

"Nisamehe, dada."

"Nikusamehe nini? Ungenyamaza ndiyo ningekuvunjia huo ufagio kichwani. Futa makamasi, Merle, tuna kazi. Na hili ukiligusa, utarudi nyumbani kwa miguu!"

Akachuchumaa, magoti yakalia, akateleza, akaliachia. Lilikwenda taratibu mno.

"Fagieni!" akapiga kelele. "Fagieni, wavivu nyie!"

Tulifagia mpaka kifua kikawaka moto. Jiwe likapinda, likalizunguka lile la mbele kwa upana wa kidole, likaligonga la Manitoba, likalisukuma nje, likabaki peke yake katikati.

Jocelyn akavua glavu, akampa Ardith mkono.

"Mama wewe, umepitia wapi pale?"

"Kaa, nikununulie kinywaji, nitakueleza," Ardith akamjibu, maana kwetu mshindi ndiye hununua.

Kisha akanishika shingo, akalia waziwazi mbele ya watu elfu sita, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akilia hata siku aliyomzika mumewe.

"Mabingwa, Merle," akasema. "Na hakuna hata jiwe moja tuliloiba."