Mwaka wa Siku Tupu Mbili

Mpiga chapa alikuwa amechapa kalenda ya hekalu kwa miaka kumi na tisa bila kukosea hata nukta. Mwaka wa ishirini, simu ikamponza. Alikuwa anapanga ukurasa wa mwisho dada yake alipopiga kumwarifu kwamba posa ya binti inakuja, na kwamba yeye, shangazi mtu, ndiye atakayezungumza na wageni. Mpiga chapa akaitikia "ndiyo dada" mara arobaini hivi, jasho likimtoka, maana posa mbili za awali zilitimuliwa na ulimi huohuo. Simu ilipokatika akabonyeza alichobonyeza, karatasi zikaanza kutoka.

Katika mji wao mwaka una miezi kumi na mitatu, kila mmoja siku ishirini na nane. Hesabu hiyo huacha siku moja ya ziada, isiyo na namba wala mwezi, nayo ndiyo Siku Tupu. Siku hiyo Muumba, aliyechoshwa na maombi ya mwaka mzima, huacha kusikiliza, na waja hufunga midomo tangu macheo hadi machweo wasije wakamsumbua. Kwenye kalenda huwa ni kisanduku cheupe. Mwaka huo visanduku vyeupe vilikuwa viwili, vimefuatana.

Aligundua kosa kalenda zikiwa zimeshabarikiwa na kutundikwa kila nyumba. Akapiga moyo konde, akaenda kuungama kwa Mtunza Siku, mzee wa hekalu, ambaye naye alitia saini nakala ya kwanza bila miwani. Mzee akavaa miwani, akaitazama kalenda, akakohoa.

"Kalenda iliyobarikiwa haikosei, mwanangu," akasema. "Tuliokosea ni sisi. Miaka yote hiyo tumempunja Muumba siku."

Mji mzima ukatangaziwa. Wachuuzi walinung'unika, walimu wakashukuru. Mpiga chapa alipohesabu kwa vidole akakuta posa inaangukia Siku Tupu ya pili. Alitaka kuiahirisha, mkewe akamkatalia.

"Wifi amefungwa mdomo na hekalu, na wewe unataka kumfungulia?"

Wageni wakafika asubuhi. Mshenga wao, mtu wa maneno matamu, alisimama akabaki anameza mate. Mwishowe akamwonyesha kijana aliyekuja kuposa, akaelekeza kidole chumba alichokuwamo binti, kisha akaunganisha vidole viwili. Posa ikawa imetolewa. Shangazi akaketi wima na kuzungusha mkono, kuuliza kijana anafanya kazi gani. Kijana alikuwa seremala. Akaigiza kupiga randa, mkono ukienda na kurudi. Shangazi akaona mpiga pasi. Akaigiza msumeno, shangazi akaona mcheza zeze, uso ukazidi kukunjamana.

Hapo binti akaingia na chai, na mlango ukalia. Ulikuwa ukilia miaka minne, ila katika nyumba ile yenye maneno hakuna aliyewahi kuusikia sawasawa. Sasa ulilia kama mbuzi aliyebanwa. Kijana akainuka, akaunyanyua kutoka kwenye bawaba, akatoa kisu mfukoni na kuuchonga ukingo, akaomba kwa ishara mafuta ya kupikia, akaurudisha. Ukafungika kimya. Binti akaufungua na kuufunga mara tatu, na mara ya tatu hakuwa akiutazama mlango.

Shangazi naye akaenda kuujaribu. Akarudi, akaketi, na kichwa chake kikakubali, juu na chini, mbele ya mashahidi saba. Mke wa mpiga chapa akakimbilia uani, viganja vyote viwili mdomoni kuzuia kigelegele.

Kesho yake, umande haujakauka, shangazi alikuwa hekaluni na maneno ya siku mbili. Alimweleza Mtunza Siku kwamba familia ile anaijua, kwamba babu wa kijana alikuwa mbishi kupindukia, na kwamba ahadi aliyoitoa kwa kichwa haihesabiki, kwa kuwa Siku Tupu Muumba hasikilizi. Mzee alimwacha amalize, jambo lililochukua hadi mchana.

"Hasikilizi, ni kweli," akasema. "Lakini nani alikwambia amefumba macho?"

Shangazi akajifunga upya kanga, akashika njia ya nyumbani.

Harusi ilifungwa mwezi wa tatu. Mpiga chapa, nusu kwa woga na nusu kwa upendo, alimpa dada yake hotuba ya familia. Aliitoa tangu wageni wanaketi hadi viti vinakusanywa, akieleza jinsi yeye mwenyewe alivyomchagua mkwe siku ya kwanza, kwa kumtazama tu. Hakuna aliyembishia.