Mguu Mtupu Kando ya Zizi

Wewe umeshageuza uso. Umesoma neno "mguu" hapo juu, na tayari unatazama pembeni kama unavyofanyaga sokoni Prudence akipita. Unajifanya unachagua nyanya. Unavuta ukingo wa kanga mpaka puani ukidhani hakuoni. Anakuona. Na mimi nakuona, na mimi sisahau.

Prudence Masatu ni jirani yangu hapa Kamunyonge, Musoma. Anashona sare za shule. Alizaliwa na selimundu, ile mnayoiita siko seli, na sasa ana umri ambao daktari mmoja alimwambia mama yake kabisa kwamba mtoto huyu hataufikia. Chembe za damu yake zinajikunja kama mundu, zinakwama kwenye mishipa myembamba, na ngozi ya karibu na kifundo cha mguu inakosa damu mpaka inakufa. Basi. Hakuna mchawi hapo, hakuna kiapo cha babu kilichovunjwa. Kidonda kilianza mguu wa kushoto kama alama ya kuumwa na mbu. Kikala nyama. Kikafunga, tukashangilia, kikafunguka tena. Leo kina upana wa kiganja. Kinauma mpaka anaendesha cherehani kwa mguu mmoja. Na kinanuka. Nilimuuliza kama hilo nalo niliandike, akasema, "Andika, Mama Benson. Harufu pia."

Kliniki ya selimundu anayohudhuria anakaaga na watoto wadogo. Ukutani wamechora sungura na twiga. Mabenchi yenyewe mafupi, magoti yanakufika kidevuni. Niliwahi kumsindikiza, tukamkuta muuguzi mgeni. Akamtazama mikononi, akachungulia na mgongoni.

"Dada, mtoto yuko wapi?"

"Mtoto ni mimi."

Benchi zima likacheka. Mama mmoja tu hakucheka. Alimvuta mwanae kifuani, na mpaka leo sijui alifurahi kuona kwamba watoto hawa wanakua, au aliogopa kuona wanavyokua.

Haya. Masika haya mzee Masatu, baba yake Prudence, akafariki kijijini, Butiama. Nikaenda naye kuzika.

Kwenye ukoo wao mwenye mji, yaani baba wa boma, anazikwa kando ya zizi la ng'ombe, na binti zake hawamziki na viatu miguuni. Wanakatiza zizini miguu mitupu, mmoja mmoja, kila mtu anatupa udongo wake kaburini. Asiyepita, watu wanajua alikuwa na kinyongo na marehemu, na neno hilo litamfuata mpaka naye azikwe.

Prudence alifika amevaa mabuti ya mpira. Mvua ilikuwa imenyesha, kwa hiyo mwanzoni hakuna aliyeuliza. Ila shangazi Wankyo alikuwepo. Huyo ni dada wa marehemu, mkulima wa pamba huko Bunda, na ulimi wake hauna breki.

"We binti wa Musoma! Mabuti hayo unakwenda kuvua dagaa, au umekuja kumzika kaka yangu?"

Wanawake wakaangua kicheko, na msiba wenyewe uko mlangoni.

"Kuna matope, shangazi."

"Matope! Baba yako kaishi kwenye hayo matope, na maziwa ya humo ndiyo yamekukuza. Jeneza likitoka utayavua, tena mimi mwenyewe nitasimama hapa nikuone."

Prudence akainamisha kichwa. Hakusema ana kidonda. Pale kijijini alikuwa anakijua kaka yake peke yake.

Kaka huyo, Ryoba, akamvuta nyuma ya jiko nilikokuwa naosha vikombe.

"Usivue," akamwambia kwa sauti ya chini. "Wale wageni wa Kiabakari umewaona? Ndio wanaomposa binti yangu Judith. Wakiona hicho kitu watasema damu yetu ina mkosi. Posa inafia hapa hapa."

"Na nisipopita?"

"Sema tumbo linauma."

"Nimkose baba kwa sababu ya tumbo, Ryoba?"

Ryoba alitazama viatu vyake. Simwiti mtu mbaya. Alikuwa na aibu, na aibu inamfanya mwanaume mwenye mvi kuongea kama mtoto aliyeiba sukari. "Dada'angu, nakuomba," akasema, akaondoka haraka.

Prudence akakaa juu ya gogo la kuni. Akavua buti, akaanza kufungua bandeji. Ndani kabisa kitambaa kilikuwa kimeng'ang'ania nyama, akakivuta huku ameuma kanga. Mimi nikadhani ameamua: atapita, na watakaoona waone. Nikataka hata kupiga makofi.

Hapana. Alichechemea mpaka pembeni mwa zizi, akachota kwa viganja vyote viwili lile tope la mvua na samadi, akalibandika mguuni. Kuanzia vidoleni mpaka juu ya kifundo. Juu ya kidonda. Nikasikia pumzi yake inakatika. Nikamrukia, nikamshika mkono.

"Prudence, unajiua!"

"Niache, Mama Benson. Tope halina maswali. Bandeji ina maswali."

Akanisukuma. Kisha akapaka na mguu wa kulia, ule mzima, ili ifanane.

Jeneza likatoka. Akakatiza zizini bila kuchechemea hata hatua moja. Kwato za ng'ombe zilikuwa zimekoroga ardhi, anazama mpaka kifundoni, anajinasua, anaendelea. Akafika, akatupa udongo, akasimama wima.

Shangazi Wankyo akaangua kilio. "Huyo ndiye mtoto wa Masatu! Tazameni, kajipaka tope la mji wa baba yake!" Wageni wa Kiabakari wakatikisa vichwa kwa heshima. Watu wakamsifu, wakamshika mkono mmoja baada ya mwingine, na yeye akawa anatabasamu. Nimeona aibu nyingi katika maisha yangu, nyingine nimezikusanya tangu nikiwa mtoto, lakini sijawahi kuona inayotabasamu vile.

Hakuosha mguu mpaka wageni walipotawanyika. Angeosha vipi, na yeye ndiye binti wa kupigiwa mfano, kila mtu anataka kukaa naye?

Tulivyorudi Musoma alikuwa anatetemeka kwa homa. Mguu umevimba unang'aa, macho ya manjano. Tukamkimbiza hospitali, wakamlaza. Daktari akasema uchafu umeingia ndani na unasambaa, na damu yake, ambayo siku zote ni chache, imeshuka mno. Inatakiwa aongezewe. Damu hakuna. Ndugu waje watoe.

Ndugu gani? Ryoba alishawapigia simu wote, akawaambia ni malaria. Kwa malaria watu wanatuma pole na mkungu wa ndizi. Nani anatoka Butiama kuja kutoa damu kwa malaria?

Jana akaingia wodini shangazi Wankyo, ametoka Bunda bila kumwambia mtu. Akakuta muuguzi anabadilisha bandeji. Prudence alipomwona alivuta shuka, akafunika uso. Uso, siyo mguu. Mguu ukabaki pale, wazi, mbele ya shangazi.

Yule mama wa maneno yote akautazama mguu. Mwisho akasema, "Ni mimi niliyekuvulisha."

Akasogea karibu na kitanda.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

Chini ya shuka Prudence akajibu, "Ningekuambia, ungekaa jirani na mimi msibani?"

Shangazi hakujibu. Ningempenda zaidi kama angedanganya, lakini hakudanganya. Akakaa pembeni ya kitanda, akakunja mkono wa gauni, akamwambia muuguzi, "Toeni yangu." Wakamwambia, bibi, umri wako umepita, haturuhusiwi. Akabaki ameunyoosha ule mkono kama mtu aliyekataliwa salamu.

Ryoba ametoa leo asubuhi. Aliingia ameinama, akatoka ameinama. Posa ya Judith ikifa na ife, alisema, ila alisemea ukutani. Chupa moja. Haitoshi.

Nimebaki na wewe. Usiniambie utamwombea, tutaomba wote, huku mkono umenyooshwa. Usiniambie una shughuli, shughuli zako nazijua, Musoma ni ndogo. Kama damu yako haimfai Prudence, itamfaa aliyelala kitanda cha pili, na ya mwingine itamfikia yeye. Kula kitu, kunywa maji, nenda hospitali, ulizia wanakotolea damu, kunja shati ukae. Ukimaliza panda wodini, vuta kiti, umsalimie kwa jina lake. Mpe mwenzako hili alisome njiani, mje wawili. Siyo kesho, siyo baada ya ibada ya Jumapili. Nyanyuka hapo ulipo, sasa hivi, uende.