Mataruma ya Mihogo

Watu wakija kunipa pole huanza na mikono ya marehemu. Maskini, wanasema, jinsi ilivyokuwa ikitetemeka. Nawakatiza palepale. Mume wangu Emmanueli alikuwa injinia wa reli, akastaafu, akaugua, na bado mwaka ule wa sabini na mbili alikuwa ananipakia kwenye baiskeli kutoka kwetu Madimba mpaka Mahurunga. Nani kati yenu ana mume wa hivyo?

Daktari aliuita ugonjwa ule Pakinsoni. Ulikuwa na ukorofi wake. Baiskeli aliendesha vizuri tu, lakini akishuka, miguu ilikataa katakata. Dawa aliigundua mwenyewe: ukimlazia kijiti mbele ya mguu ili akiruke, mguu unanyanyuka.

"Ni mataruma haya, Mama Paulo," aliniambia, akimaanisha zile mbao zinazolazwa chini ya reli. "Nimeyatembelea miaka yote, miguu bado inayakumbuka."

Nyumba ikajaa vijiti sakafuni, nikawa najikwaa mimi mzima.

Siku hiyo tulikuwa tunatoka Mahurunga, alikokwenda kupima kijito ili wanakijiji wajenge daraja. Nilikaa nyuma kwenye keria, nimekumbatia mzigo wa mbegu za mihogo, vile vijiti vya kupanda. Vita vilikuwa ng'ambo ya mto Ruvuma, huko Msumbiji, na wiki ile bomu lililofukiwa barabarani lilikuwa limemuua mtu upande wetu. Kwa hiyo mgambo waliokaa kwenye kizuizi hawakuwa na mchezo.

Mmoja wao, Mohamedi, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, alitushusha akapekua kikapu chetu. Akakuta futikamba na mchoro wa kijito.

"Unampimia nani nchi yetu?"

Emmanueli alijibu, lakini ugonjwa ulikuwa umeimeza sauti yake, na usoni hakuonyesha kitu. Mikono ikazidi kutetemeka.

"Huyu ana jambo," Mohamedi akasema. "Twende kibandani, mzee. Tembea."

Hakutembea.

"Nimekuona kwa macho yangu unakanyaga baiskeli, tena umempakia mama. Sasa miguu imekufa?" Akakoki bunduki. "Nasema mara ya mwisho."

Niliogopa. Ugonjwa unaoruhusu baiskeli na kukataza miguu, nani angeuamini? Hata mimi ningemwona mwongo. Nikafungua mzigo.

"Mama, unafanya nini?"

"Si umesema atembee? Namtembeza." Hasira zilikuwa zimeshaushinda woga. Nikalaza kijiti cha muhogo mbele ya kiatu chake, na kingine, na kingine, nikirudi kinyumenyume kuelekea kibandani.

Emmanueli akaviangalia. Mguu ukanyanyuka, ukaruka. Wa pili ukafuata. Akaja hivyohivyo, mgongo umeinama, mtutu wa bunduki ukimfuata.

Vijiti vikaniishia karibu kabisa na kibanda. Akasimama. Kiwiliwili kikaendelea kwenda mbele, miguu imebaki, na mbele yake sasa alikuwa Mohamedi, aliyetuzunguka akasimama mlangoni na bunduki yake. Nikajua anaanguka, na akimwangukia mwenye bunduki, bunduki italia. Nikataka kumpita niokote vijiti vya nyuma yake.

"Usisogee, mama."

Nikaganda. Mohamedi alimtazama mume wangu miguuni, akatazama vile vijiti vilivyopangwa barabarani. Halafu akatoa risasi, akainama, akailaza bunduki yake mchangani mbele ya kiatu cha Emmanueli.

Emmanueli akairuka. Akaikamata nguzo ya kibanda, akahema. Kisha akageuka taratibu, na kwa ile sauti yake ndogo akamwambia, "Iokote, bwana. Mchanga ukiingia humo, haitafanya kazi."

Mohamedi akaiokota, akaipangusa kwa pindo la shati, akamvutia kigoda.

Daraja walilijenga, na Emmanueli aliendelea kwenda kulikagua mpaka alipolala kitandani kwa mara ya mwisho. Jana Mohamedi alifika msibani. Neno maskini halikumtoka. Aliniuliza daraja letu atalikagua nani sasa, na hapo ndipo nilipolia.